Muuguzi aliyepewa likizo akalale, akazidi kukesha

Saa 10 alfajiri, katika wodi ya wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni nyingi, muuguzi wa zamu alibonyeza 15 kwenye pampu ya dawa mahali palipotakiwa 1.5. Mwenzake aliyesimama ng'ambo ya kitanda kuhakiki kipimo aliiona namba kabla pampu haijaanza, akamshika mkono. Dawa haikuingia, mgonjwa hakudhurika. Fomu ya tukio ikajazwa, sababu ikaandikwa uchovu, na uongozi wa wodi, kwa nia njema kabisa, ukampa siku 10 za mapumziko akalale.

Alirudi akiwa hoi kuliko alivyoondoka. Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa na mafunzo. Muuguzi wa wodi ya korona kukosa usingizi si habari. Lakini mtu kupewa muda wote autakao wa kulala, na usingizi ukazidi kumkimbia, hilo linahitaji maelezo.

Kisa hiki kimesukwa kutokana na hali zilizojirudia kwa wahudumu wengi wa afya wakati wa janga, na hakimhusu mtu mmoja anayeweza kutambulika. Muuguzi wetu ana miaka 34, uzoefu wa miaka 9, hana ugonjwa wa kudumu. Kabla ya janga alikuwa analala vizuri, ila ni mwepesi wa kushtuka. Mlango ukigongwa nyumba ya tatu, yeye ndiye wa kwanza kuamka.

Usiku wa tukio

Ratiba ya zamu ilionyesha saa 12 za kazi na saa 12 za kupumzika. Kwenye karatasi hakuna kosa. Lakini zamu inayoisha saa 1 jioni haiishi saa 1 jioni. Kuna kukabidhi wagonjwa mmoja mmoja, kuna kuvua vazi la kujikinga hatua kwa hatua huku mwenzako akikuangalia usije ukajigusa uso, kuna kuoga hospitalini kabla ya kuondoka. Akifika chumbani ni saa 3 usiku, na kesho yake saa 12 asubuhi anatakiwa awe njiani. Toa muda wa kula, kufua na kupiga simu nyumbani, uone kinachobaki. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu saa za kazi inataka mfanyakazi apate angalau saa 11 mfululizo za kupumzika katika kila saa 24. Ratiba ya wodi hii ingepita ukaguzi huo bila shida, na bado muuguzi angekuwa hajapata saa 7 za kulala.

Baada ya zamu za mchana alihamishiwa usiku. Siku ya zamu ya kwanza ya usiku aliamka saa 4 asubuhi, akashindwa kulala tena mchana, akaingia kazini saa 1 jioni. Ilipotimia saa 10 alfajiri alikuwa macho kwa saa 18. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kazi inayohitaji jicho na mkono kwa udhaifu unaolingana na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Katika nchi nyingi dereva mwenye kiwango hicho hushushwa kwenye gari. Ongeza kwamba saa 10 alfajiri joto la mwili limeshuka karibu na kiwango chake cha chini kabisa, melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, iko juu, na ubongo unadai kulala hata kama mchana kutwa mtu alikuwa kitandani.

Maana yake ni kwamba kosa la nukta lingeweza kumpata muuguzi yeyote aliyewekwa kwenye ratiba ile, hata mwenye usingizi wa pono. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia madaktari wanafunzi wa wodi za wagonjwa mahututi na kukuta kwamba waliokuwa kwenye ratiba ya kawaida yenye zamu ndefu walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi ya walipokuwa kwenye ratiba iliyofupishwa. Wale hawakuwa wagonjwa wa usingizi. Walikuwa vijana waliokeshwa.

Nasisitiza hili kwa sababu ndipo uchambuzi wa kisa ulipokwama mara ya kwanza. Kusinzia kazini na kukosa usingizi kitandani vilichukuliwa kuwa kitu kimoja, vikapewa dawa moja, yaani mapumziko. Mapumziko yanatibu cha kwanza. Cha pili yanaweza kukilisha.

Alichokuwa akipitia

Alikuwa amehama kwao. Anaishi na mama yake mwenye kisukari, na janga lilipopamba moto alikodi chumba ili asimpelekee virusi. Chumbani hakuna mtu, na hakuna cha kufanya ila kula na kulala, kwa hiyo kitanda kikawa meza ya chakula, ofisi na kibanda cha simu. Kundi la wodi kwenye simu halikuwa na saa ya kufunga: nani kapimwa kakutwa nayo, mitungi mingapi imebaki, nani anaweza kuziba pengo la kesho. Simu ililala juu ya mto wa kulalia, chini ya sikio lake, sauti ikiwa juu, asije akakosa ujumbe kuhusu mama.

Usiku mmoja alimshikia simu mgonjwa aage watoto wake, kwa sababu ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Mgonjwa alifariki kabla ya zamu kuisha. Tangu hapo, akifumba macho, anasikia ule mlio wa mashine ya kupima oksijeni unaoshuka sauti kadiri oksijeni inavyoshuka. Kila muuguzi anaujua. Aliwahi kuamka na kukaa kitako akitafuta unatoka wapi, chumbani hamna mashine yoyote.

Baadaye, alipohojiwa kliniki, kuhusu mgonjwa yule alisema kwa kifupi na hakulia. Kuhusu simu na kundi la wodi alizungumza kwa muda mrefu, kwa hasira. Mchukua historia mzuri huandika vyote viwili, na huandika pia kipi kilitolewa kwa kifupi.

Wala hakuwa peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na siku zile zile, kati ya tarehe 29 Januari na 3 Februari, wahudumu 1,257 wa hospitali 34 nchini China walijaza dodoso. Asilimia 34 walikuwa na dalili za kukosa usingizi. Wengi wao walikuwa na dalili nyepesi, jambo ambalo vichwa vya habari havikulisema, lakini waliozidiwa walikuwa zaidi wauguzi, wanawake, waliokuwa Wuhan na waliowahudumia wagonjwa ana kwa ana. Hofu yao ilikuwa na msingi. Kwa makadirio ya Shirika hilo, kati ya Januari 2020 na Mei 2021 huenda wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa korona duniani. Muuguzi anayegaagaa kitandani akiogopa kesho hana wasiwasi wa kujitungia.

Ukurasa mmoja wa daftari

Kliniki ya watumishi ilimpa daftari la usingizi ajaze katika siku za mwisho za likizo. Ukurasa wa siku ya saba ulikuwa hivi: kapanda kitandani saa 2 usiku, kwa sababu "nimepewa likizo nilale". Kazima taa saa 3. Usingizi umemchukua kama saa 7 usiku. Kashtuka saa 9, akawa macho mpaka saa 11 alfajiri, akisoma ujumbe wa wodi. Kalala tena mpaka saa 1 na nusu asubuhi. Kabaki kitandani, akijaribu, hadi saa 3. Mchana, saa 8 hadi saa 10, usingizi umempitia akiwa na televisheni. Vikombe vya kahawa vinne, cha mwisho saa 11 jioni.

Piga hesabu. Alikaa kitandani saa 13, akalala saa 4 na nusu. Hiyo ni asilimia 35 ya muda wa kitandani. Wataalamu wa usingizi huanza kuinua nyusi mtu akishuka chini ya asilimia 85. Lakini tazama mchana: saa 2 nyingine, ambazo alipoulizwa "unalala saa ngapi?" hakuzitaja. Kwa saa 24 alikuwa amelala saa 6 na nusu. Si nyingi, ila si balaa. Usingizi ulikuwepo. Ulikuwa umemwagika kila mahali, na ulioangukia usiku ulikuwa wa mang'amung'amu.

Alipojaza Kipimo cha Ukali wa Kukosa Usingizi, chenye maswali 7 na alama 0 hadi 28, alipata 19. Kuanzia 15 huhesabiwa kuwa tatizo la kitabibu. Kuna dodoso jingine maarufu, lile la Pittsburgh la mwaka 1989, linalopima ubora wa usingizi kwa alama 0 hadi 21, ambapo zaidi ya 5 ni usingizi mbovu. Wakati wa janga tafiti nyingi zililitumia. Kwa kupima watu elfu moja linafaa sana. Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele yako, ningechagua daftari la wiki moja kuliko dodoso lolote, maana dodoso linakwambia hali ni mbaya kiasi gani, na daftari linaonyesha mahali panapovuja.

Mengine yalikaguliwa haraka: hakoromi wala hakatizi pumzi usingizini, miguu haimchezi, damu na tezi ya shingo havina tatizo, hana mawazo ya kujidhuru. Dalili za msongo baada ya kiwewe zilikuwepo, hazikufikia kiwango cha kuitwa ugonjwa kamili.

Kwa nini likizo ilimdhuru

Mtaalamu wa usingizi Arthur Spielman alifundisha kuangalia kukosa usingizi kwa tabaka tatu: kinachomwandaa mtu, kinachoanzisha tatizo, na kinacholiendeleza. Kilichomwandaa muuguzi ni ule wepesi wa kushtuka. Kilichoanzisha ni zamu, hofu na mgonjwa wa simu. Watu wengi huishia hapo, kwa sababu hapo ndipo penye simulizi. Kinachoendeleza hakina simulizi: ni kupanda kitandani mapema, kubaki kitandani asubuhi, kulala mchana, kahawa ya jioni, simu chini ya sikio. Ukiondoa chanzo na kuacha viendelezi, tatizo hubaki limesimama kwa miguu yake.

Hamu ya kulala hujengwa na muda wa kuwa macho. Mtafiti wa usingizi Alexander Borbély alilieleza hili mwaka 1982: nguvu mbili zinashirikiana, moja ni shinikizo linaloongezeka kadiri mtu anavyokaa macho, nyingine ni saa ya mwili inayofuata mwanga. Aliyelala saa 2 mchana amelipunguza shinikizo. Akipanda kitandani saa 2 usiku, saa ya mwili wake bado inasema ni jioni. Kafeini nayo huziba mahali ambapo ubongo ungesomea shinikizo hilo, na nusu ya kikombe cha saa 11 jioni bado iko mwilini saa 4 usiku. Kwa hiyo anakaa macho kitandani, usiku baada ya usiku, mpaka mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kukodoa macho. Muuguzi mwenyewe alisema anasinzia kwenye kiti, akigusa mto tu anakuwa macho kodo. Ukisikia sentensi hiyo, umeshapata nusu ya utambuzi.

Siku 10 za likizo zilimpa viendelezi vyote kwa wingi. Na zilimpa kimoja zaidi: wajibu wa kulala. Wodi imemwachia nafasi, wenzake wanaziba pengo lake, kwa hiyo kila saa aliyokaa macho ilikuwa deni. Hakuna anayelala kwa amri.

Vidonge

Likizo ilipofika katikati, mwenzake alimpa vidonge vya usingizi vya zolpidemu. Miongoni mwa wahudumu wa afya kupeana dawa ni jambo la kawaida kuliko wanavyokiri. Wanazijua, wanazishika kila siku, hawaoni haja ya kupanga foleni. Alimeza vya miligramu 10, akalala, na asubuhi akawa na kichwa kizito hadi karibu adhuhuri.

Mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishusha dozi ya kuanzia ya dawa hii kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuonekana kwamba kwa wanawake inakawia kutoka mwilini, na asubuhi kiwango kilichobaki kinatosha kuharibu uendeshaji wa gari. Mwaka 2019 iliongeza onyo kali kuhusu watu kutembea na hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Muuguzi anayeshika pampu saa 1 asubuhi anahusika na onyo la kwanza moja kwa moja. Sisemi dawa za usingizi hazina nafasi. Kwa usiku chache za kiwewe kikali zinaweza kumvusha mtu, zikiandikwa na kufuatiliwa. Ila mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, ilipendekeza kwamba kila mtu mzima mwenye ukosefu sugu wa usingizi aanze na tiba ya fikra na tabia, na vidonge vifuate baadaye ikibidi.

Kilichofanyika, na kilichobishaniwa

Kiini cha tiba hiyo kinashtua ukikisikia mara ya kwanza: mgonjwa anayelia kwamba halali hupunguziwa muda wa kukaa kitandani. Wastani wa usingizi wake wa usiku kwenye daftari ulikuwa chini kidogo ya saa 6, basi akapewa dirisha la saa 6, kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri. Kabla ya hapo hapandi kitandani, baada ya hapo habaki. Akikaa macho kwa muda unaofanana na robo saa, bila kutazama saa, anaondoka kitandani hadi asinzie. Halali mchana.

Hapa pakatokea ubishi wa kweli. Kubana usingizi humfanya mtu asinzie zaidi katika wiki za mwanzo. Utamfanyiaje hivyo mtu ambaye juzi nusura aongeze dawa mara kumi? Daktari mmoja wa kliniki alitaka waahirishe mpaka wimbi la wagonjwa lipite. Naona alikuwa na hoja, lakini mawimbi hayakuwa na tarehe ya kuisha. Shirika la Afya Duniani halikuondoa hali ya dharura hadi tarehe 5 Mei 2023. Walikubaliana hivi: tiba itaanza, kwa masharti kwamba kwa wiki nne awe zamu ya mchana tu, asiendeshe gari kwenda kazini, asipange pampu peke yake, na dirisha lisibanwe chini ya saa 6 hata kama daftari lingeruhusu. Bila masharti hayo ningekuwa upande wa daktari. Tiba ya fikra na tabia imeandikwa kwa mtu ambaye kesho yake inafanana na leo, na ukiipachika juu ya zamu zinazozunguka inavunjika mikononi.

Simu ilihamia mlangoni, nje ya mkono. Mama alipewa mlio wake peke yake, unaopenya hata simu ikiwa kimya, na kundi la wodi likanyamazishwa usiku. Hili lilimchukua juma zima kulikubali, muda mrefu kuliko hata dirisha la saa 6. Alihisi anawakimbia wenzake. Kahawa ya mwisho ikawa saa 6 mchana. Chakula kikahamia kwenye kiti.

Juma la kwanza lilikuwa gumu na alitaka kuacha. La pili, usingizi ulianza kumchukua ndani ya dakika chache. Kila asilimia ya muda wa kitandani ilipopita 85 kwa juma zima, aliongezewa dakika 15. Juma la sita kipimo cha maswali 7 kilisoma 9.

Jinamizi la mlio wa mashine halikuguswa na haya. Hilo ni tatizo la kumbukumbu, na alipelekwa kwa mshauri ambaye alimfanyisha mazoezi ya kuisimulia ndoto akiwa macho na kuipa mwisho mwingine. Lilipungua, halijaisha.

Kuhusu ratiba

Muuguzi alitibiwa na kupona kwa kiasi kikubwa. Kosa la saa 10 alfajiri, kwa upande mwingine, bado lina mazingira yake yote. Wiki nne za zamu ya mchana alizopewa zilibebwa na wenzake, ambao sasa wanaruka kutoka mchana kwenda usiku mara nyingi zaidi.

Kliniki ya watumishi ilipeleka mapendekezo matatu. La kwanza, saa za kupumzika zihesabiwe kuanzia mtu anapotoka getini, badala ya zamu inapoisha kwenye karatasi. La pili, kabla ya zamu ya kwanza ya usiku mtu awe na siku nzima huru, apate kulala mchana wake. Haya mawili yalipokelewa "kwa kufanyiwa kazi".

La tatu lilikataliwa papo hapo: dakika 20 hadi 30 za kulala, kwa zamu, kati ya saa 8 na saa 10 usiku, zikifuatiwa na robo saa ya kuchangamka kabla ya kugusa dawa, maana mtu aliyeamka sasa hivi huwa mzito kidogo. Jibu lilikuwa kwamba ndugu wa mgonjwa akipiga picha muuguzi amelala itakuwa kashfa. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliwajaribu marubani wa safari ndefu kwa kuwaruhusu kupumzika dakika 40 wakiwa safarini. Kwa wastani walilala dakika 26, na waliolala walikuwa makini zaidi wakati wa kutua kuliko walionyimwa. Rubani akilala kwa utaratibu huitwa mwangalifu, muuguzi huitwa mzembe, na kazi zote mbili zinashika roho za watu. Uongozi wa wodi ulipoonyeshwa mfano huo uliomba muda wa kuufikiria. Wakati huo huo, wauguzi wa usiku wanaendelea kulala kama walivyokuwa wakilala siku zote: kwenye kiti cha stoo ya mashuka, bila mtu kujua nani yuko macho na nani hayuko.